Jirani Tuliyemwita Mchawi

Wakesho mwanangu,

Umetoka kwenda kuwaaga rafiki zako, na baba yako yuko uani anayafunga mabegi yako kwa kamba kana kwamba unahama na mifugo. Kesho asubuhi atakupeleka stesheni ya Central ukapande treni ya kwenda Dubbo. Mimi nimekaa mezani jikoni, chai yangu inapoa. Sitakuandikia habari za kula vizuri, wala sweta, wala kupiga simu Jumapili. Hayo nimeyasema mpaka siku hizi unayamalizia mwenyewe kabla sijafika katikati. Nataka kulijibu swali lako.

Jumapili ulikuwa unakunja nguo kitandani, ukaniuliza bila kuinua kichwa, "Mum, spooky kwa Kiswahili ni nini?" Ukanieleza kwamba darasa lako huko lina watoto wawili wa Kikongo ambao kwao huzungumza Kiswahili, kwamba unaanza kazi wiki chache tu kabla ya Halloween, na kwamba unataka kuwafundisha maneno ya sikukuu hiyo mapema ili siku yenyewe wasikae pembeni kama wageni. Nikakujibu, "Ya kutisha." Ukaandika kwenye simu, ukaendelea kukunja.

Jibu lile lilikuwa la mtu mwenye sufuria motoni. Ngoja nikupe lililo kamili, hata kama ni refu.

Ulipokuwa na miaka sita tulikuwa wapya hapa Minto, wapya Australia. Baba yako alikuwa ametutangulia, tayari ni muuguzi katika hospitali ya Westmead, na kila siku alikuwa akipanda treni gizani na kurudi gizani. Mimi sikuwa nimepata kazi. Nilikuwa nimetoka Voi nikijiona mtu wa Kiingereza. Nilikuwa karani wa shule ya sekondari, barua zote za mwalimu mkuu nikiandika mimi, na mtihani wa Kiingereza wa kuja huku niliupita bila jasho. Basi siku moja ukarudi kutoka shule na maneno ambayo sikuwahi kuyaandika katika barua yoyote. Uliyaimba toka getini: ghost, skeleton, cobweb, haunted, spooky. Mengine niliyajua kwa kubahatisha. Spooky sikulijua kabisa. Nilikuuliza, ukanyoosha vidole kama kucha, ukasema "Wuuu!" na meno yako mawili ya mbele hayapo. Nikacheka sana.

Kisha ukasema kwamba Ijumaa kila mtoto anakwenda shule amejigeuza kitu, na wewe unataka kuwa witch.

Hilo nililijua. Kicheko kikanikauka mdomoni. Nilikusikia ukisema, "Mama, nataka kuwa mchawi," ingawa hukuwa umelitamka kwa Kiswahili, na kwetu sijawahi kumsikia mtu akiitamka sentensi hiyo kwa mdomo wake mwenyewe. Nikakuambia hapana. Ukauliza kwa nini. Nikasema, "Hapana ni hapana."

Ijumaa nilikuvalisha sare yako safi, nikakupeleka mwenyewe mpaka mlango wa darasa. Mwalimu wako alikuwa amevaa masikio ya paka. Nikamwambia kwa kile Kiingereza changu cha ofisini kwamba familia yetu haichezi na mambo ya giza, na kwamba ningeshukuru kama ungepewa kazi nyingine. Yule mama alikuwa mpole, akasema hakuna shida. Nikaondoka kichwa juu. Nilipogeuka dirishani nilikuona umekaa peke yako na sare yako ya buluu, katikati ya popo na maboga na mifupa, unachora kitu. Nilijiambia nimekulinda.

Nilichokuwa nimefanya, Wakesho, ni kukunyima kofia ya karatasi yenye ncha, ile ya witch, bila kukupa sababu. Na mtoto asiyepewa sababu huitafuta mwenyewe. Wewe ulifikiri hivi, na ni wewe uliyeniambia baadaye: mama anajua mambo mengi, mama haogopi mbwa wala daktari wa meno, lakini mama anaogopa wachawi. Kwa hiyo wachawi wapo. Na kama wapo, basi mmoja lazima ni yule bibi wa ng'ambo ya barabara.

Unamkumbuka Doreen alivyokuwa siku zile, kabla hatujamjua. Mrefu, amepinda kidogo mgongoni, nywele nyeupe hazichanwi, koti la marehemu mumewe hata kwenye joto. Nyumba yake ilikuwa na mapazia yaliyofungwa mchana. Watoto wa mtaa walikuwa wakilikwepa geti lake, na wewe ukajifunza kwao haraka kuliko ulivyojifunza hesabu. Nilikuona ukinivuta mkono tupite upande wa pili. Nilidhani ni utoto.

Wiki moja baada ya ile Ijumaa tulikuwa tunarudi kutoka shule, wewe ukinisimulia kitu, mkono wako ndani ya wangu. Doreen alikuwa getini kwake anamwagilia maua. Ulipomwona ulichomoa mkono, ukakimbilia barabarani. Pikapu ilikuwa inakuja. Ile sauti ya breki bado naisikia nikiwa nimekaa hapa. Ilisimama hatua chache kutoka kwako, nawe ukaanguka kwa woga tu, magoti yakachunika kwenye lami.

Mimi miguu iligoma. Aliyekufikia kwanza ni Doreen. Aliutupa mpira wa maji, akaja mbio na ule mgongo wake, akainama kukuinua. Ukapiga ukelele mtaa mzima ukausikia. "Don't touch me! You're a witch!"

Akaurudisha mkono wake kama mtu aliyeshika chungu cha moto. Alinitazama mimi, si wewe. Hakuwa na hasira usoni. Alikuwa na uso ambao nilikuwa nimeuona zamani, milimani kwetu Taita, nikiwa mkubwa kukushinda kidogo tu.

Nilikubeba mpaka nyumbani. Nikakuosha magoti. Halafu tukakaa kwenye ngazi ya nyuma, jua likiwa bado juu, nikakusimulia habari za shangazi yangu Mghoi kwa mara ya kwanza. Leo nakuandikia tena, maana ulikuwa mdogo, na huenda ulibaki na vipande tu.

Mghoi alikuwa dada ya baba yangu. Alifiwa na mumewe mapema, akabaki na shamba zuri la mteremkoni, karibu na maji. Shemeji yake alilitaka lile shamba. Msimu mmoja wa mvua watoto wawili wa jirani waliugua wakafa, na mtu mmoja akasema neno, na mwingine akalirudia. Macho yake yalikuwa mekundu kwa moshi wa jikoni, kama ya kila mwanamke pale, lakini yake ndiyo yaliyotazamwa. Watu wakaanza kuvuka njia wakimwona. Sisi watoto tulivuka pia, kwa sababu wakubwa walivuka. Siku moja paa lake likawaka. Alitoka na sufuria moja na kuku mmoja kwapani. Baba yangu alikwenda kumchukua, akamleta kwetu kwa njia kuu, mchana, polepole, ili kila mtu amwone akitembea naye. Aliishi nasi mpaka mwisho wake. Alinifundisha kusuka vikapu. Alikuwa hapendi kelele, na alikuwa akicheka kwa pua.

Ulisikiliza ukiwa umekumbatia magoti yako yaliyofungwa bandeji. Ukaniuliza kwa Kiingereza, "Lakini alikuwa mchawi kweli?"

"Hapana. Alikuwa mjane."

"Mjane ni nini?"

"Mwanamke aliyefiwa na mume."

Ukafikiri. Kisha ukaonyesha kwa kidole, kupitia nyumba yetu yote, kuelekea ng'ambo ya barabara. "Kama yeye?"

"Kama yeye."

"Oh," ukasema. Halafu ukaanza kulia, na hukulia kwa sababu ya magoti.

Kesho yake tulikwenda. Nilikuwa nimepika mandazi. Nilipofika mlangoni kwa Doreen, Kiingereza changu chote cha barua za mwalimu mkuu kilinikimbia, nikajikuta nimepaza sauti, "Hodi!" Kwa ndani tukasikia, "Not today, love, I've already got a church." Alidhani tunahubiri. Ulinitazama, nikakutazama, tukaanza kucheka pale mlangoni kama wajinga wawili, na nadhani ni kicheko kile kilichomfanya afungue.

Uliomba msamaha ukiangalia viatu vyako. Doreen akakuambia ameitwa mabaya zaidi, tena na ndugu zake wa damu. Akatukaribisha. Yale mapazia, kumbe, ni kwa sababu ya macho yake yaliyofanyiwa upasuaji. Mwanga ulikuwa unamchoma. Hakuna mtu mtaani aliyekuwa amemuuliza.

Nilimwuliza maneno. Nilikuwa na njaa ya maneno siku zile, na nilikuwa nimechoka kujifanya nayajua. Nikamwuliza spooky ni nini hasa, na kwa nini watu wa huku wanafurahia vitu vya makaburini. Akacheka, akasema nisimwulize yeye, alipokuwa mtoto hapakuwa na Halloween Australia, ni mambo ya Wamarekani yaliyoletwa na televisheni. Tena kwao ni sikukuu ya majira ya majani kudondoka, akasema, akafungua pazia kidogo tuone nje: jakaranda imefunika njia kwa maua ya zambarau, nzi wanavuma, joto kama la Voi. "Watoto wanabandika majani makavu ya karatasi madirishani na nje kila kitu kinachipua," akasema. Basi, mwanangu, nikajua kwamba mimi sikuwa mgeni peke yangu. Hata yale maneno yalikuwa wageni hapa. Nilikuwa nimeyaogopa kama wenyeji.

Mwaka uliofuata ni Doreen aliyekuja kwetu. Alikuwa amenunua kofia nyeusi yenye ncha. "Mwaka huu nitaivaa mwenyewe," akaniambia. "Wakiniita, angalau wawe na sababu." Nilitaka kumkataza. Nilikuwa na sentensi yote tayari ulimini. Lakini nilikuwa nimejifunza mwaka ule kwamba nikikataza sharti nieleze, kwa hiyo nikamweleza habari za Mghoi, nikiwa nimesimama pale pale na mwiko mkononi. Alisikiliza mpaka mwisho. Akauliza kama nitaumia akiivaa. Nikasema sijui. Akasema, "Basi njoo ukae nami. Ukiumia, nitaivua."

Nikaenda nikakaa naye barazani kwake. Wewe ulikuwa boga, kwa shuka la rangi ya machungwa na mto tumboni. Lile boga halisi ulilolichonga na baba yako nilikuwa nimelikomba nyama yake yote nikaipika kwa nazi, kwa sababu kutupa chakula ili kuwasha mshumaa ni jambo ambalo mpaka leo halijaniingia, na Doreen alikula bakuli mbili. Watoto wakaja. Kwanza walisimama getini, wanasukumana. Wewe ukawaita. Wakaja wawili, kisha watano, kisha foleni. Doreen aliwakodolea macho, akanguruma, wakapiga mayowe, wakakimbia, wakarudi tena kutaka peremende nyingine. Kiti changu kilikuwa karibu na chake. Nilingoja niumie.

Sikuumia. Nilimwona tu akichoka, akaivua ile kofia, akaiweka magotini, na chini yake alikuwa ni Doreen yule yule, jasho usoni, anataka maji. Watoto walimwona pia. Shangazi yangu hakupata nafasi hiyo. Yeye walimvika na hakuna aliyemvua mpaka anakufa.

Kwa hiyo hili ndilo jibu la swali lako. Spooky si ya kutisha. Ya kutisha ni ile pikapu. Spooky ni hofu ya kuvaa na kuvua, mwili unasisimka huku moyo unajua njia ya kurudi nyumbani. Sina neno moja la kukupa. Waambie "ya kusisimua," kisha nyoosha vidole ufanye "Wuuu!" kama ulivyonifanyia mimi. Wataelewa.

Lakini neno witch uende nalo polepole, na hapa ndipo nilipotaka kufika.

Unamjua Furaha, Mkongo ninayefanya naye kazi kwenye nyumba ya wazee. Mwaka jana mwezi wa kumi waliandaa ukumbi wa chakula kwa mapambo, na mlangoni wakamtundika mchawi mkubwa wa kadibodi juu ya ufagio. Furaha alifika kwenye shifti, akamtazama, akamng'oa, akamkunja mara mbili, akamtia pipani. Meneja akamwuliza kwa nini. Furaha Kiingereza chake kizuri, lakini siku ile kilimwacha, kama changu kilivyoniacha mlangoni kwa Doreen. Akanigeukia mimi, akasema kwa Kiswahili cha kwao, "Mama Wakesho, mutoto yangu walimuita mulozi. Kule kwetu. Alikuwa na miaka sita tu. Walimufunga ndani, wakamunyima chakula, eti aseme."

Miaka sita. Nilikuona wewe na meno yako.

Zamani ningesema, "Hapana ni hapana, ondoeni." Safari hii nilimwomba meneja akae. Nikamtafsiria maneno ya Furaha moja moja, naye Furaha akanishika mkono mpaka mwisho. Meneja aliyafuta macho yake. Akasema hakujua. Bila shaka hakujua, nani angemwambia? Wachawi wote walitoka mchana ule. Popo walibaki, maboga yalibaki, utando wa buibui ulibaki kila kona, na wazee walifurahi vile vile. Mtoto wa Furaha siku hizi ni kijana mrefu, anacheza mpira wa kikapu, anakula kama nzige.

Sijui watoto wako wawili wamepitia nini. Huenda hawajapitia lolote, na watataka kofia yenye ncha kuliko wote. Wape basi. Lakini kwanza uwaone mama zao, ukae nao, unywe chai yao. Ulizia kwa Kiswahili chako hicho hicho cha kuchechemea. Kitawafungua kuliko kilichonyooka. Na ujue kwamba wao huenda wasiseme mchawi, watasema mulozi. Ukilisikia neno hilo darasani, hata kwa mchezo, acha ulichokuwa unafanya, ukae karibu na aliyeambiwa. Mimi siku ile niliganda pembeni ya barabara, na bibi wa watu ndiye aliyekukimbilia. Wewe hutaganda. Nalijua hilo, na nitakuambia nimelijuaje, maana sijawahi kukuambia kwamba nilikuona.

Ulikuwa na miaka kumi na mitano. Doreen alikuwa amefariki kwenye majira ya baridi, na nyumba yake ilikuwa tupu, nyasi zimefika magotini, mpwa wake hajaamua kuiuza. Familia mpya zilikuwa zimehamia mtaani, na watoto wao hawakumjua. Wakaanza kusema nyumba ile ni haunted. Jioni ya Halloween walikusanyika getini kwake, wakubwa wanawachochea wadogo waende wakaguse mlango, na mmoja alikuwa tayari ameokota jiwe. Mimi nilikuwa dirishani sebuleni. Nilikuwa natafuta viatu vyangu nitoke.

Ukatoka mlangoni na bakuli la peremende tulilokuwa tumeweka kwa ajili ya mlango wetu. Hukuniona. Ulivuka barabara, ukawapita katikati, ukafungua lile geti, ukakaa kwenye ngazi ya Doreen, bakuli magotini. Hukuwafokea. Ulikaa tu, kama mwenye nyumba. Mtoto mmoja mdogo, amevaa shuka jeupe lenye matundu ya macho, akaja taratibu kwenye nyasi. Dirisha lilikuwa wazi, nilisikia.

Akakuuliza, "Kuna ghost humo ndani?"

Kwetu Taita, Wakesho, wafu hawakuwa ghost. Walikuwa na majina. Babu aliitwa kwa jina lake hata akiwa kaburini, akaulizwa hali, akaambiwa habari za mvua. Ghost ni mfu ambaye hakuna anayekumbuka jina lake. Haya sikuwahi kukufundisha. Sijui uliyatoa wapi.

Ulimwambia, "Hapana. Ni nyumba ya Doreen. Msalimie kwanza, ndiyo upate peremende."

Yule mtoto akavua shuka kichwani, akautazama ule mlango uliofungwa, akasema, "Good evening, Doreen." Na nyuma yake wengine wakaanza kupanga foleni kwenye nyasi, na yule mwenye jiwe akaliweka chini ili apate mkono wa kupokelea.

Nilirudi jikoni nikakaa. Nililia kidogo, kisha nikapika. Tangu jioni ile sijakuhofia, na usiku huu ninapokuandikia sikuhofii.

Nenda salama. Mungu wa baba zako na wa wajane akutangulie.

Safari njema, Mwalimu.

Mama yako